Mnyama Wako Ana Kiu ya Nini?

Kila ninapoletewa mswada wa hadithi ya madubwana na mwandishi chipukizi, ukurasa wa kwanza hunipa rangi ya macho. Mekundu kama makaa. Kisha huja meno, makali kama mapanga, kisha mkia, kisha mngurumo unaotikisa milima. Nikifika ukurasa wa tatu nimeshamjua mnyama huyo kuanzia ncha ya pua hadi ukucha wa mwisho, na simwogopi hata chembe. Mimi niko barazani na chai yangu, naye yuko karatasini ananguruma.

Inaniuma, maana najua kijana aliyeandika amekesha. Hadithi za kubuni za aina hii, zenye nchi zisizokuwepo na viumbe wasiokuwepo, zinahitajika mno katika Kiswahili, na wanaojaribu kuziandika ni wachache. Kwa hiyo makala haya nawaandikia ninyi mnaojaribu, hasa wale mliochagua mnyama mgumu kuliko wote: mwindaji anayeishi majini na nchi kavu, katika nchi kali isiyomhurumia mtu. Miswada ya namna hiyo imepita mikononi mwangu mingi, na nimejifunza jambo moja ambalo ningependa mlijue kabla hamjamaliza wino. Mnyama wa kutisha haanzi na meno. Anaanza na kiu.

Nilikulia karibu na mto wenye mamba. Shangazi yangu hakwenda kuchota maji na ndoo peke yake. Alikuwa na kopo la mafuta ya kula lililotobolewa pembeni na kufungwa kwenye mti mrefu, urefu wa watu wawili wakisimama mmoja juu ya mwingine. Tukifika hatua kama kumi kutoka ukingoni, alinishika bega nisimame. Hakutazama ng'ambo, ambako mimi nilidhani hatari iko. Alitazama maji ya karibu, yale ya miguuni. Alitafuta jani lililokataa kwenda na mkondo. Majani yote yanateremka, moja limesimama: basi chini yake pana kitu kinachokata maji. Siku hiyo hatukuchota pale. Na hata pakiwa salama, hakuchota mahali pamoja siku mbili mfululizo, wala saa ile ile. "Akishaijua saa yako, umekwisha," aliniambia, kisha akajitwisha ndoo tukarudi nyumbani.

Siku hiyo sikumwona mamba. Mpaka leo sikumbuki kuogopa kiumbe chochote kuliko nilivyoliogopa lile jani.

Liangalieni kopo lile. Urefu wa mti wake ni kipimo cha mnyama. Mtu mzima amekaa akapiga hesabu ya mahali taya linapoweza kufika, akakata mti unaozidi hapo kidogo. Mwandishi akinionyesha kopo hilo, hahitaji kuniambia mamba ana urefu gani. Nitamwona mwenyewe.

Basi tuanze na nchi. Waandishi wengi wakitaka nchi kali huweka jangwa, wakaongeza volkano, wakaongeza dhoruba ya radi, wakamaliza na baridi ya usiku inayopasua mawe. Ukali wa namna hiyo ni wa mapambo, kwa kuwa haumlazimishi mtu yeyote kufanya jambo lolote. Nchi kali kweli inakunyima kitu kimoja au viwili tu, halafu maisha yote yanajipanga kuzunguka ule upungufu. Nenda Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Maji yake yana magadi kiasi cha kuunguza ngozi, na katika baadhi ya sehemu joto lake hufika nyuzi 60. Karibu yake umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima unaotema lava nyeusi ambayo ikishapoa na kukutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mtu angedhani hapo hakuna uhai. Lakini heroe wadogo huzaliana humo kwa maelfu kwa sababu ile ile: magadi yanawafukuza fisi na mbweha. Ukali wa nchi ndio ukuta wa nyumba yao. Na katika Ziwa Magadi, upande wa Kenya, wamo samaki wadogo wa jamii ya perege wanaostahimili maji ya moto yanayozidi nyuzi 40, miili yao ikiwa imejifunza njia ya kutoa taka ambayo samaki wengine karibu wote hawana. Kwa kila kiumbe unachoweka katika nchi kali, uliza swali la heroe: ukali huu unamfaa kwa nini? Ukipata jibu, mnyama wako ameshapata makazi. Usipolipata, umemweka kama picha ukutani.

Nami nitawaonyesha kwa mfano wangu mwenyewe, mnyama niliyemtengeneza kwa hadithi moja ndefu. Nchi yake ni bonde la magadi, jeupe kama chokaa, ambalo mvua hulitembelea miezi miwili na kuliacha miezi kumi. Chemchemi ya maji matamu ni moja tu, katikati ya bonde. Chemchemi hiyo hutengeneza bwawa, na bwawa hukauka polepole mpaka likabaki tope, na tope likashika ukoko. Watu wa bonde huchimba tope hilo kutafuta maji. Mnyama anaishi humo humo. Hana pengine pa kwenda, nao hawana.

Kila kitu kilichofuata katika hadithi kilitoka hapo. Maji matamu ni mahali pamoja, watu wanayahitaji, mnyama anayahitaji. Sikulazimika kumbebesha chuki dhidi ya binadamu, wala kumfanya mtumwa wa mchawi, wala kumpa hasira ya miaka elfu. Wana kiu moja, basi.

Sasa mwili. Hapa nawasihi muisome dunia halisi kabla ya kubuni, kwa sababu dunia imebuni mambo ambayo sisi tungeona aibu kuyaandika tusije tukaambiwa tumezidisha chumvi. Katavi, magharibi mwa Tanzania, mto Katuma ukikauka, mamba hujibana ndani ya mashimo kwenye kingo, mmoja juu ya mwingine, wakisubiri mvua. Kule Chad, katikati ya Sahara, kwenye miamba ya Ennedi, kuna bwawa liitwalo Guelta d'Archei ambamo bado wanaishi mamba wachache, masalia ya zama ambazo jangwa hilo lilikuwa na mito na maziwa. Fikirini: mamba waliobaki peke yao, mchanga pande zote, na ngamia wanakuja kunywa humo humo. Hiyo ni hadithi tayari, inamngoja mwandishi.

Lakini mwalimu wangu mkubwa alikuwa kamongo. Wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wanamjua: samaki mrefu, mnene, mwenye mapafu. Ukimzuia asifike juu kuvuta hewa, atakufa maji, samaki mzima. Na wapo wa jamii yake ambao maji yakikauka huchimba topeni, wakajikunja, wakatoa utelezi unaokauka kuwa kama mfuko wa ngozi kuwazunguka, wakaacha kitundu kidogo tu mdomoni pa kupitisha pumzi. Humo hulala miezi, na wengine wamekaa hata miaka. Wakulima wa Afrika Magharibi hukata matofali ya tope na kumkuta ndani, hai.

Nikamchukua kamongo, nikamkuza mpaka urefu wa mtumbwi. Nikampa kutoka kwa mamba vile vidoa vidogo vya tayani ambavyo huhisi mtikisiko wa maji hata tone moja likianguka gizani. Nikampa na miguu minne mifupi ya kujivuta. Na nikamwacha na ngozi ya chura, ngozi laini inayovuta maji na hewa. Uamuzi huo wa mwisho ndio uliojenga hadithi nzima. Ngozi ya chura haivumilii chumvi. Kwa hiyo mnyama wangu hawezi kuvuka bonde la magadi, yaani ni mfungwa wa bwawa lake. Anayekimbia mpaka kwenye ukoko mweupe amepona. Watoto wa bonde wanafundishwa hesabu ya hatua kutoka kila kona ya bwawa hadi mahali penye weupe, kabla hawajafundishwa kuhesabu mbuzi. Upande mmoja ni hatua thelathini na mbili. Upande huo hakuna anayechota.

Mnaona? Udhaifu wa mnyama umenipa hatua thelathini na mbili, na hizo hatua zina kitisho ambacho magamba ya chuma yasingenipa. Mnyama asiyeshindika hachoshi kumwandika tu, anachosha kumsoma, kwa sababu msomaji hana cha kutumaini. Mamba mwenyewe, pamoja na nguvu zake zote za kuuma, misuli yake ya kufungua kinywa ni hafifu. Waliozoea kumkamata humfunga taya kwa kamba tu. Chagua udhaifu mmoja ulio wa kweli kimaumbile, kisha uufanye ujulikane na watu wa hadithi yako tangu mwanzo. Usiufiche ukautoa ukurasa wa mwisho kama zawadi. Wenyeji wameishi naye vizazi na vizazi. Wangekosaje kujua?

Halafu muulizeni anakula nini siku ambazo hali watu. Swali hili linaangusha miswada mingi kuliko lingine lolote. Dubwana la ukubwa wa nyumba linakaa katika jangwa lisilo na kiumbe, likingoja shujaa apite mara moja kwa mwaka. Lingekufa. Viumbe wa damu baridi wana nafuu kubwa hapa, na mwandishi mwerevu huitumia: mamba aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula tena, kwa kuwa hatumii chakula kupasha mwili joto. Kwa hiyo subira yake inatokana na mwili wake. Nami nikamwita mnyama wangu Mngoja.

Nikapiga hesabu yake kwenye karatasi. Miezi kumi amelala au amejificha. Mvua ikija, swala na ndege wanashuka bondeni, anakula kwa wiki chache akiba ya mwaka mzima. Binadamu anamkamata nyakati mbili tu: mwanzo wa mvua, akiamka na njaa, na mwisho wa kiangazi, watu wanapochimba juu yake bila kujua. Baada ya kupiga hesabu hiyo nilijua hadithi ianzie mwezi gani.

Msiwasahau watoto wake. Hapa ndipo mnyama anapoacha kuwa jinamizi akawa kiumbe. Mamba jike huyafukia mayai yake mchangani, huyalinda miezi mitatu hivi bila kwenda mbali, na akisikia vifaranga vinalia ndani ya mayai huvifukua na kuvibeba kinywani, ndani ya meno yale yale, mpaka majini. Kusini mwa Afrika kuna chura mkubwa sana, dume lake hulinda viluwiluwi katika dimbwi, na dimbwi likianza kukauka huchimba mfereji kwa miguu yake kuwavusha hadi maji mengine. Chura huyo huyo huwameza vyura wenzake, na hata baadhi ya viluwiluwi anaowalinda. Mwandishi anayeweza kuviweka viwili hivyo katika kurasa mbili zinazofuatana, upendo na ulafi, hatahitaji kumwita mnyama wake katili.

Katika bonde langu, wakati wa mvua bwawa hujaa vidagaa vyeusi vinono. Watu huvivua kwa vitambaa, huvianika juu ya ukoko wa magadi, huvila mwaka mzima. Ni kitoweo chao karibu pekee. Ilinichukua rasimu mbili kugundua kwamba vile ni viluwiluwi vya Mngoja. Wanamla akiwa mdogo, anawala akiwa mkubwa. Nilipoliona hilo niliweka kalamu chini nikatoka nje kutembea. Tangu hapo sikuweza tena kuandika kwamba kijiji kinataka kumuua. Wengine wanataka, wengine wanajua wakimuua watakufa njaa, na ugomvi wa kweli wa hadithi ukahama kutoka bwawani ukaja barazani.

Hilo nalo ni la kujifunza kwa wazee wetu. Someni kisa cha Sultani Majnuni na nunda mla watu, kilichokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870. Nunda yule hakutoka msituni wala baharini. Alikuwa paka wa sultani. Alianza kula mifugo, watu wakalalamika, sultani akamtetea kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Akaendelea kwa wanyama wakubwa zaidi, kisha watu, na sultani bado anamtetea, mpaka alipowafikia watoto wa sultani mwenyewe. Hata baada ya hapo, mwana mdogo wa sultani anayetoka kumsaka anarudi kila mara na mnyama asiye yeye, akianzia na mbwa na kwenda akipanda mpaka tembo, na kila mara mama yake anamwambia kwamba huyo siye. Mtunzi wa kisa hicho hakusoma popote namna ya kujenga hofu. Lakini tazameni alivyofanya: kila mnyama asiye yeye anamfanya yule wa kweli kuwa mkubwa zaidi, bila neno moja la maelezo. Na tazameni alivyoweka chanzo cha balaa mezani kwa mtawala. Kila mnyama mla watu ana mtu anayefaidika naye. Mtafuteni mtu huyo katika hadithi zenu. Kwangu mimi ni ukoo unaomiliki miti mirefu ya kuchotea, unaotoza kila ndoo, na ambao haungependa kabisa Mngoja afe.

Kwenye filamu wenzetu wanalijua hili pia. Godzilla, dubwana la Wajapani litokalo baharini, lilionekana mara ya kwanza mwaka 1954, miaka tisa baada ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, na hakuna Mjapani wa wakati ule aliyehitaji kuelezwa dubwana lile lina maana gani. Mnyama anayedumu katika kumbukumbu hubeba jambo ambalo jamii inaliogopa tayari. Ila msilitangaze. Ukilitangaza umeandika hotuba.

Sasa lugha yenyewe. Kiswahili kimetupa silaha ambazo wenzetu wa lugha nyingine wangezililia, na bado vijana wengi wanaziacha kabatini.

Ya kwanza ni ngeli. Andika "dubwana lile lililala," halafu andika "dubwana yule alilala." Ya kwanza ni kitu, ni rundo la nyama lenye meno. Ya pili ni nafsi, anakujua. Unaweza kuanza hadithi watu wote wakisema "lile," na siku moja, bila tangazo, mwanamke aliyefiwa na mwanawe bwawani akasema "yule." Msomaji makini atashtuka kabla hajajua kimemshtua nini. Mhariri asiye makini atalisahihisha, kwa hiyo muandikieni pembeni kwamba mmekusudia.

Ya pili ni mwiko wa jina. Tulikatazwa utotoni kumtaja nyoka usiku; tukimwona tulisema tumeona ukambaa. Watu wanaoishi na hatari hawaiiti kwa jina lake kila saa. Katika bonde langu, neno Mngoja husemwa na wageni. Wenyeji wanasema "mwenyeji wa chini," na wachotaji, wakiwa kazini, hawasemi kitu, wanagusa tu kisigino. Majina marefu yenye konsonanti za kigeni, Zarkthor na ndugu zake, tuwaachieni wenyewe. Jina la mnyama litoke kwenye kitendo chake au kwenye woga wa watu, na mtoto aweze kulitamka.

Ya tatu ni sauti. Chubwi ni jiwe linalozama. Giza ni totoro, tope ni rojorojo, kimya ni jii. Tumia moja tu mahali pake, usizirundike. Katika hadithi yangu yote chubwi imo mara moja, ukurasa ambao hakuna mtu aliyetupa jiwe.

Kuhusu kumwonyesha mnyama mwenyewe, ushauri wangu ni mfupi: cheleweni. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka mwaka 1975, papa wake wa mashine aliharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi aonyeshe maji, mapipa na nyuso za watu, na papa mzima haonekani vizuri mpaka zaidi ya saa moja imepita. Ajali ikawa somo. Ninyi hamna mashine ya kuharibika, kwa hiyo itabidi mjizuie wenyewe. Onyesheni ukingo uliolainika kwa kuburuzwa kitu kizito. Onyesheni mbuzi wanaokataa kunywa. Onyesheni mzee mwenye kovu asiyependa kuulizwa. Kama kuna lazima ya kutaja ukubwa, upimeni kwa kitu cha nyumbani, mlango, mkeka, mtumbwi. Mita hazitishi mtu.

Na vifo. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Nimesoma miswada ambayo wanakijiji kumi na wawili wanaliwa katika sura moja na hakuna anayewalilia. Pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, Burundi, pamoja na mdomo wa mto Ruzizi, iliwahi kuwa na mamba mmoja mkubwa aliyepewa jina la Gustave, mwenye makovu ya risasi mwilini. Watu wanamhesabia vifo hadi mamia. Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia miaka mingi, yeye na wenzake wakamjengea mamba huyo kizimba cha chuma chenye chambo, hakuingia. Hollywood ikatengeneza filamu kutokana naye mwaka 2007. Dunia inalijua jina la mamba. Majina ya wavuvi na watoto waliokuwa wakioga hayajulikani nje ya vijiji vyao. Msiirudie kasoro hiyo katika hadithi zenu, ambako mna uwezo wote wa kutoifanya. Mtu anayekufa kwenye hadithi apewe jina, apewe kazi aliyoiacha nusu, na matanga yake yachukue angalau nafasi ile ile mliyoipa taya. Kwenye mto wetu, mtu akichukuliwa na maziko yakakosa mwili, walizika nguo yake. Nilipoandika kifo cha kwanza katika bonde la Mngoja, nilitumia ukurasa mmoja na nusu kwa kanga iliyokuwa inatafutwa ili izikwe, kwa sababu marehemu alikuwa nazo mbili tu na moja alikuwa ameivaa.

Kama mnaogopa kwamba mambo haya ni ya kubuni mno kwa msomaji wetu, nendeni Olduvai. Mwaka 2010 wanasayansi, miongoni mwao Mtanzania Jackson Njau, walitangaza aina ya mamba wa kale waliyemkuta huko, mwenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, na wakamwita Crocodylus anthropophagus, jina lenye maana ya mla watu. Mifupa ya mguu ya watangulizi wetu iliyookotwa bonde hilo hilo ina alama za meno ya mamba. Huenda walikuwa wamekwenda kunywa maji. Na kusini, bonde la Ruhuhu, mawe yametoa mabaki ya amfibia aliyeishi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Peltobatrachus, mwenye mgongo uliofunikwa mabamba ya mfupa kama askari aliyevaa deraya. Ardhi tunayoikanyaga imeshawabuni. Mwandishi wa Tanzania au wa Kenya anayetafuta dubwana hana haja ya kukopa mazimwi ya theluji.

Mkimaliza rasimu, msianze kuipeleka kwa mwandishi mwenzenu. Atawaambia habari za mtindo. Isomeni kwa sauti mbele ya mtu anayeishi na maji: mvuvi, mchotaji, mkulima wa mpunga. Msimuulize kama ni nzuri, maana atasema ni nzuri kwa adabu. Muulizeni angefanyaje yeye. Mvuvi mmoja aliniambia kwamba watu wangu wa bondeni ni wajinga, kwa sababu wanatembea kwa hatua za kulingana wakati mnyama anahisi mtikisiko. Yeye angekwenda hatua mbili, akasimama, moja, akasimama, kama mbuzi anayechuma majani. Nilibadilisha mwendo wa kijiji kizima.

Rasimu ya kwanza kabisa nilimsomea shangazi. Alikuwa mzee sana, macho yameshafifia, amelala kwenye mkeka, mgongo ukutani. Wakati huo mnyama wangu alikuwa analala topeni miezi kumi, basi, sikuwa nimefikiria zaidi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza, "Na huyo, akilala humo chini, pua anaiweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa kamongo, nikakuta kitundu. Sasa hadithi inaanza hivi: msichana wa miaka tisa anatembea juu ya tope lililokauka, ndoo tupu mkononi, macho chini. Ukoko umepasuka vipande vipande kama sahani. Kati ya vipande viwili anaona tundu la upana wa sarafu. Matundu ni mengi, ya mijusi, ya mende. Anachuchumaa polepole. Kingo za tundu hili zina unyevu.